Siku moja na blauzi ya shifoni, Ngamiani, Tanga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ngamiani haijachangamka na upepo wa bahari haujaanza. Huu ndio wakati wa kukata, maana shifoni ni nyepesi mno; dirisha likipitisha upepo kidogo tu, kitambaa kinahama mezani na nyuzi zinapinda. Leo ni blauzi ya mama mdogo wangu, ya harusini Jumamosi. Shingo ya duara, mikono mipana.

Jana nilikichovya kitambaa kwenye maji mepesi ya wanga wa muhogo, nikakianika kivulini. Kimekauka kigumu kama karatasi, kinapokea chaki na hakitelezi ovyo. Wanga utatoka kikifuliwa. Hii ni poliesta, haiogopi maji. Ingekuwa hariri halisi, ningejaribia kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Natandika karatasi nyeupe mezani (magazeti hapana, wino wake unachafua), kitambaa juu yake, kisha patani, yaani kielelezo cha kukatia. Sikikunji. Kikikunjwa, upande wa chini unateleza bila wewe kuona, na mbele hakutalingana. Pini nyembamba nazichoma kwenye ukingo wa mshono tu, kwa sababu tundu la pini kwenye shifoni halifichiki. Mkasi mkali, nakata karatasi ya chini na kitambaa pamoja, taratibu. Kazi hii imekula asubuhi karibu yote, na naona ni haki yake.

Saa tano natoa sindano namba 14 kwenye cherehani, naweka namba 9. Mshono mfupi, kama milimita 2, na uzi mwembamba. Naanza kwa kushika ncha zote mbili za uzi kwa nyuma, la sivyo kile kitundu cha cherehani ambamo sindano inashukia kinameza kitambaa. Ubavuni nashona mara mbili: kwanza kwa nje, napunguza ukingo ubaki milimita 3, nageuza, nashona tena kwa ndani. Nyuzi zote zinafichwa, na kwa kitambaa kinachoonyesha ndani sioni njia nyingine ya heshima.

Saa saba joto. Mikono ikitoa jasho siigusi shifoni. Nakula wali na samaki, naswali, napumzika.

Saa tisa anakuja kujaribu.

“Shikamoo mama mdogo.”

“Marahaba mwanangu. Mbona pana? Nibanie hapa kifuani.”

“Nikibana, siku ya pili mshono utaachia. Inua mikono kwanza.”

Anainua, anajigeuza kwenye kioo, ananyamaza. Imebaki hivyo hivyo.

Saa kumi na moja napiga pasi, moto mdogo, kitambaa cha pamba juu yake. Pindo bado. Naitundika blauzi usiku kucha ili sehemu zilizokatwa mshazari zishuke, kesho nisawazishe na kukunja kwa mkono. Mama mdogo ameshakiona kipande kilichobaki, anataka mtandio.