M ya mvuvi

Masika yale mvua ilitufungia barazani Mkunazini, watu watatu: kijana na gitaa lake, dada mmoja mchoraji wa khanga, na mimi na shairi langu. Kijana alizipenda sana nyimbo za folk za Marekani na Uingereza, zile za gitaa moja na sauti ya chini, ambazo wenyewe hujirekodia chumbani bila kampuni. Akaomba shairi alitie gitaa. Nikampa ubeti unaoanza hivi:

Mvuvi karudi pwani, mshipi umekatika

Mizani, yaani silabi, 16, nane kwa nane. Mpango wake ulikuwa mzuri: kidole gumba kikizunguka kwenye nyuzi tatu nene, vingine vikidonoa zile nyembamba, mapigo manne kwa kila kipande, mizani mbili kwa pigo. Nane zinaenea barabara. Lakini kila akiimba, sauti inafika mwisho kabla ya gitaa. Akapunguza kasi. Wapi!

"Maalim, mstari wako mfupi."

Nikahesabu tena kwa vidole. Nane.

Dada akavuta karatasi ya kaki, akachora visanduku vinane. "Hebu imba polepole, mdogo wangu." Kila silabi akaitilia nukta ya wino. Kisanduku cha mwisho kikabaki kitupu.

Alikuwa anaimeza m. Katika "mvua", m imeshikana na v, kwa hiyo neno lina mizani mbili tu. Katika "mvuvi" m inasimama peke yake: m-vu-vi, tatu. "Mshipi" vilevile. Nyimbo alizozizoea hufuata zaidi mkazo, na silabi nyepesi zinaweza kuzidi au kupungua bila wimbo kuharibika. Kwetu mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi katika kipande cha mizani nane ni ya saba, na ya saba ndiyo inayokaa juu ya pigo la nne. Ukimeza m, "pwa" ya "pwani" inatangulia na kuangukia katikati ya mapigo. Gitaa halikuwa na kosa lolote.

Dawa yake ndogo: funga midomo, vuma m nusu pigo, kisha fungua kwenye "vu". Mara ya kwanza aliivuta mno, ikala pigo zima. Mara ya tatu ikakaa, na nakiri kuwa ule mvumo mfupi ulinipa mvuvi mwenyewe, amefika na bado hajasema kitu. Nilikuwa nimeuandika bila kuusikia.

Dada alikwishageuza karatasi. Pindo alilichora kwa mistari sita kama nyuzi za gitaa, mjini, yaani katikati ya khanga, akaweka ngalawa moja, na pale pa jina, penye nafasi ya maneno machache tu, akaandika MSHIPI UMEKATIKA. Kaki imenyonya unyevu, wino ukatambaa, ile M ya mwanzo ikavimba kuliko wenzake. Akataka kuanza upya. Kijana akamshika mkono: "Iache hivyo hivyo, dada." Akaupiga tena ubeti, macho kwenye herufi ile.