Nilinunua Beetle ya wizi bila kujua, hivi ndo nilivyorudishiwa hela yangu

Wakuu, jana nimemaliziwa hela yangu ya mwisho, nimelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze, acha niandike asije akapita mwingine humo humo.

Nilinunua Volkswagen Beetle ya 1972 kwa mtu binafsi hapa Tanga, kadi anayo, rangi safi, inawaka mara moja. Kwenda kubadilisha umiliki, namba ya injini haifanani na ya kadi. Muuzaji akasema injini ilibadilishwa, baadae simu hapokei. Dalali mmoja akataka hela anyooshe mambo, nikaachana naye.

Aliyenifungua macho ni fundi mzee wa Chumbageni. Akaniambia mwanangu, hicho kibati chenye namba ya chesisi, cha mbele kwenye tairi la spea, kinabanduliwa na kupachikwa kingine, we toa siti ya nyuma. Tukaitoa, tukafuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na pale juu ya tuta la katikati ya sakafu namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, tofauti kabisa na ya kadi!

Sikusugua wala kugusa zaidi, nikapiga picha nikaenda polisi mwenyewe siku hiyohiyo, na mkataba tuliosaini serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho chake na risiti ya benki, maana namshukuru Mungu sikulipa keshi. Kwa ile namba mwenye gari akapatikana, mzee wa watu akalishika bodi machozi yanamlenga, nikamkabidhi funguo. Muuzaji nae akafikiwa kwa ile risiti, kanilipa kwa awamu mbili.

Anayetaka picha ya pale namba inapokaa aseme nimtumie.