Kabla Bibi Hajakaza Uso

Bibi yangu hacheki kwenye picha. Fungua albamu ya familia ukurasa wowote utamkuta hivyo hivyo: mgongo umenyooka, midomo imefungwa, mikono juu ya mapaja. Asiyemjua atadhani ni mkali, kumbe katika ukoo wetu hakuna mcheshi kumshinda. Ila amekulia enzi za mkanda wa picha 36, ambapo ikiharibika moja ndiyo imeharibika, na hutaiona mpaka isafishwe. Kwake picha ni shughuli, na kwenye shughuli mtu hukaa sawasawa.

Siku tulipokusanyika kumpongeza kwa kutimiza miaka 80, kazi ya kupiga picha niliangushiwa mimi. Nilitumia iPhone, na Live Photo niliiacha imewashwa, kama ninavyofanya kila penye watu ninaowapenda. Apple walikileta kitu hicho na iPhone 6s mwaka 2015. Simu inabakiza video ya sekunde moja na nusu kabla hujabonyeza na sekunde moja na nusu baada ya hapo, sauti ikiwemo. Samsung na Google nao wana ya kwao, wanaiita Motion Photo. Watu huniuliza simu inajuaje kwamba unataka kubonyeza. Haijui. Ukishafungua kamera inarekodi na kufuta, inarekodi na kufuta, na ukibonyeza ndipo inashika kile kipande cha mwisho isikifute.

Kupangana kulichukua muda kuliko kupiga. Wakubwa nyuma, watoto mbele, Bibi kwenye kiti katikati amempakata kitukuu chake mdogo kabisa. Nikauliza kama wako tayari, nikabonyeza, tukatawanyika.

Jioni nikakaa naye tuzipitie. Ile ya familia nzima ilimridhisha: watu wote wanaonekana, macho yote wazi, na yeye na uso wake ule ule. Akaweka kidole juu ya kioo anionyeshe jinsi mtoto alivyonenepa, kidole kikakaa pale, na picha ikaanza kutembea. Akautoa mkono haraka.

"Umegusa nini?"

"Siyo mimi, Bibi. Ni wewe. Hebu shikilia tena."

Akashikilia. Mtoto kamshika pua, kaikamata kwelikweli, na Bibi anacheka mpaka mabega yanaruka, jicho la kushoto limefumba. Mwanzo wa maneno yake umekatwa, inasikika tu "...pua yangu, mume wangu!" Halafu, kufumba na kufumbua, unamwona anakikunja kicheko chote: midomo inakutana, kidevu kinapanda, mgongo unanyooka. Hapo ndipo nilipobonyeza. Na akishasikia mlio, bega la kulia linaanza kutikisika upya.

Tuliirudia mara nyingi. Mimi nilikuwa natazama ile sehemu ya kukaza uso, maana miaka yote nilikuwa nauona uso uliokwisha kukazwa, sijawahi kumwona akiukaza.

Kukawa na mjadala wa ipi isafishwe. Kwenye Live Photo unaweza kuchagua kipande kingine kiwe ndiyo picha kuu, nami nikasogeza mpaka kwenye kicheko, nikamwonyesha.

"Hiyo ukutani?" akasema. "Mgeni aingie anikute nimefumba jicho moja?"

Shangazi akawa upande wangu. Mjomba akawa upande wa mama yake. Kusema kweli hata simu ilikuwa upande wao: picha kuu hupigwa kwa ubora kamili, ila vipande vya kabla na baada vinatoka kwenye video, na ukivikuza kwa fremu kubwa ukungu unaonekana. Kwa hiyo ukutani ikaenda ile ya heshima. Ya kicheko niliisafisha ndogo, ya kuwekwa mezani, na kwa ukubwa huo imetoka vizuri sana.

Kwenye kundi la familia ilifika picha mnato tu, kicheko kimebaki kwangu. Ikabidi niihifadhi kama video ndipo niitume upya. Kidogo hivi ni usumbufu, na picha za namna hii zinakula nafasi, kwa kuwa kila moja ina video yake ndani. Risiti na vyeti napiga bila Live Photo. Watu, hapana, siizimi.

Bibi hajabadilika. Kwenye harusi ya binamu yangu alikaa vile vile, mgongo umenyooka na midomo imefungwa. Ila mlio uliposikika tu akaniita kwa mkono, akaninong'oneza: "Ya kabla imeshika?"