Cha kuongea na cha mtihani

"Kiingereza chako ni cha kuongea, Mama. Changu ni cha mtihani."

Rehema kanipa hiyo Jumanne usiku, macho hakuinua, anatafuta kifutio chini ya madaftari. Angeisema kwa jeuri ningemkaripia, yakaisha. Lakini aliisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana bado imenikaa. Alikuwa ameandika "I have been to Kyoto last year," akaanza kuifuta, nami nikamwambia aiache, hiyo mtu yeyote ataielewa. "Ataielewa, ila sipati maru." Kisha ndiyo akaja na hayo ya chako na changu.

Wiki hii dhoruba imesimamisha treni, wifi kajifungua salama kule Tanga, Baba Rehema karudishwa zamu ya usiku. Mimi nimekwama hapo kwenye kifutio.

Kwa wageni wa shule za Japani: maru ni duara, na duara ndilo jibu sahihi. Ile alama yetu ya vema, hapa ndiyo kosa. Nadhani hilo sitalizoea.

Kinachouma zaidi ni kwamba hesabu ziko upande wake. Kuingia sekondari ya juu ya serikali ya jiji la Tokyo jumla ni alama 1,020. Karatasi za Februari, masomo matano, zinabeba 700, ripoti ya shule 300, na mtihani wa kuzungumza Kiingereza, ule wa Novemba ulioanza 2022, unabeba 20. Ishirini! Mtoto anavaa vifaa vya masikioni, anaongea na tableti. Kwenye sehemu moja anaonyeshwa picha nne, anajiandaa sekunde 30, anasimulia sekunde 40, kwisha. Kwingine kote ni penseli, na kwenye penseli "have been" haikai nyumba moja na "last year". Wakati uliotajwa ukiwa umeshafungwa, kama jana, mwaka jana au 2019, ni "went" tu. Ukitaka "have been", toa tarehe au weka "twice", "before", "since". Mtunzi wa mtihani anautafuta mtego huo makusudi, kwa sababu Kijapani mara nyingi kinatumia umbo moja la kitenzi kwa yote mawili.

Maneno nayo yamekuwa mzigo. Mtaala wa sasa unataka 600 hadi 700 shule ya msingi, halafu 1,600 hadi 1,800 chugakko, yaani sekondari ya chini. Kabla ya 2021 chugakko walitakiwa 1,200. Yale ya shule ya msingi wameyapata kwa nyimbo na michezo, kwa hiyo sikio linayajua lakini mkono hauyajui, na kitabu cha mwaka wa kwanza kinaendelea kana kwamba yameshakaa. Ndiyo maana mtoto wa mwaka wa tatu anaweza kuchambua sentensi ndefu kisha akakosea tahajia ya Jumatano. Dawa yao ni kulisoma neno kimoyomoyo kwa katakana, herufi za Kijapani za maneno ya kigeni, u-e-do-ne-su-dei, ndipo mkono uandike. Sisi Tanga tulisoma "wed-nes-dei" vilevile, kwa hiyo hapo sina neno.

Ile plastiki nyekundu ndiyo sikubaliani nayo, au tuseme sikubaliani na jinsi anavyoitumia. Kitabu cha maneno kimechapwa majibu kwa wino mwekundu. Ukilaza plastiki juu, Kiingereza kinapotea, Kijapani kinabaki. Vizuri. Lakini baada ya kupita ukurasa mara kadhaa mtoto anakumbuka mahali neno lilipo, halikumbuki neno lenyewe: la tatu kutoka juu, lile refu. Litoe kwenye ukurasa, amepotea. Yanayomshinda inabidi yahamie kwenye vile vikadi vya pete, neno upande mmoja na maana upande wa pili, avichanganye kila akianza, na ayaandike kwa mkono maana mtihani hautamwomba ayatambue tu. Halafu kikadi kiwe na kitenzi pamoja na rafiki yake: "listen to", siyo "listen" peke yake. Hiyo "to" ndogo ndiyo inayoliwa kwenye nafasi zilizoachwa wazi.

Sasa Jumamosi kaja mwenyewe. Zoezi la kupanga maneno: made, the bag, my grandmother, is, this. "Mama, sema kwa Kiswahili kwanza."

Nikasema: huu ni mkoba aliotengeneza bibi.

Akatabasamu, akaandika moja kwa moja. Kwa Wajapani wenzake hapo ndipo pagumu, kwa sababu kwao maelezo yote yanatangulia: bibi-alitengeneza kwanza, mkoba mwishoni. Sisi tunataja mkoba, ndipo tunaueleza, sawasawa na Kiingereza. Hata "who" na "which" hazimsumbui, mtoto aliyezoea "aliye" na "ulio" anajua mtu na kitu havichukui kiungo kimoja. Nilifurahi mpaka nikaunguza vitunguu.

Ila kuna shimo. Sisi pia tunasema "mkoba alioutengeneza", tunamrudia mtendwa ndani ya kitenzi, na hiyo "u" ukiivusha inakuwa "the bag my grandmother made it". Kosa. Baada ya "made" pabaki wazi, mkoba umeshatajwa mbele. Akimaliza kupanga, aangalie kitenzi cha pili: kama kuna "it" nyuma yake, afute.

Na kwenye maswali ya kukanusha lugha zake zote mbili zinamvuta pabaya kwa pamoja. "Haven't you finished your homework?" Mjapani atajibu "hai", yaani ndiyo, bado. Mswahili atajibu ndiyo, bado. Mwingereza anasema "No, I haven't." Kanuni aliyopewa darasani ni nzuri kuliko maelezo yangu yote: swali lisahau, tazama kitenzi chako mwenyewe, kikiwa na "not" unaanza na "No". Tumelifanya mezani wakati wa chakula, kwa sauti, mpaka Baba Rehema akaamka akauliza nani hajamaliza nini.

Leo kanipa karatasi nyingine ya kupanga maneno, bila kuombwa.

Barua ya kuhuisha mkataba wa nyumba nayo imefika. Kodi ya mwezi mzima, juu ya ile ya kawaida, ili tu tuendelee kukaa tulipo miaka miwili mingine, na juku, yale masomo ya ziada ya kulipia, anayotaka Rehema kuanzia vuli bado sijaiuliza bei.