Hofu ya mjamzito ina maswali yake

Dodoso la GAD-7, linalopima wasiwasi, lina maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita. Ni zuri, nalitumia. Lakini mama mwenye mimba ya miezi minane akijibu kwamba hawezi kutulia kitini, huenda ni mgongo tu unamuuma. Ndiyo maana naipenda PRAQ-R2, dodoso la wajawazito linalouliza hofu zenyewe: kujifungua, afya ya mtoto, mwili unaobadilika. Toleo la awali liliuliza kama unaogopa kujifungua kwa sababu hujawahi. Aliyezaa watatu ajibu nini? Likarekebishwa.

Tunapolijaribisha dodoso hili, namsomea mama swali moja moja, kisha namuuliza ameelewa nini. Mmoja alinishika mkono: “Dada, hili la mtoto mwenye kasoro limeniogopesha.” Swali hilo tumelisogeza katikati ya dodoso, na msaili haondoki mpaka mama atulie.