Robota la chini kabisa

Masika yale, karakana yetu ya kuvisha raba mpya tairi kuukuu za malori, hapa Unga Limited, Arusha, ilikaribia kufunga. Kila tairi tuliyoikata ilikuwa na vitundu ndani kama kitumbua. Bosi alishikilia kuwa salfa, ile dawa ya kuivisha raba, ndiyo mbovu, akaagiza nyingine. Fundi wetu mkuu alinusa kipande cha mpira ghafi, akakirudisha mezani.

"Mwanangu, huu umekunywa maji."

"Nitaupima, mzee."

Raba huivishwa kwa joto la nyuzi 150 hivi. Maji yaliyojificha ndani yanageuka mvuke, na mvuke usipopata pa kutokea hutoboa. Ndiyo maana mpira ghafi kama wetu, wa daraja la viwandani liitwalo TSR 20, hautakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 0.80 ya uzito wake ukikaushwa.

Nikakata gramu 10, nikaupitisha kwenye rola hadi ukawa mwembamba, nikautia kwenye oveni ya nyuzi 105, nikawa naupima tena na tena mpaka uzito ukaacha kushuka. Jibu: 0.6. Salama! Bosi akanicheka mbele ya vijana, nami nikanywea.

Usiku ndipo nikashtuka. Nilikata robota la mpira la juu, lile la karibu na mlango, kwa uvivu tu.

Asubuhi tukapangua rundo zima. La mwisho, lililokaa juu ya saruji tupu, liliacha umbo lake sakafuni kwa maji. Nililipasua katikati: mabaka meupe, kama ugali wenye mabuja. Safari hii sikupima sampuli ikiwa ya moto, maana joto huidanganya mizani. Niliipoza ndani ya kopo la biskuti lenye vile vipakiti vya kuzuia unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Gramu 10.00 zikawa 9.83. Asilimia 1.7, zaidi ya mara mbili ya kikomo.

Dawa haikuwa ngumu, ila ilichosha mikono. Yale ya chini tuliyakata vipande, tukayapitisha kwenye rola, tukayaanika karibu na boila siku mbili. Nilipopima tena nikapata 0.5, na tairi ya kwanza tuliyoikata haikuwa na kitundu hata kimoja. Siku hizi nachukua sampuli juu, katikati na chini, na marobota yote yanakaa juu ya mbao.

Salfa ya bosi ipo stoo mpaka leo, mifuko haijafunguliwa. Nayo nimeiwekea mbao.