Bwawa liko karibu, umeme ndio haufiki

Kutoka karakana yetu ya kuchomelea vyuma hapa Walukuba, Jinja, hadi bwawa la Nalubaale, bodaboda haichelewi. Bwawa lenyewe lilifunguliwa mwaka 1954. Baadaye zikaja Kiira, Bujagali na Isimba, kisha Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa 2024. Karibu umeme wote wa Uganda unatokana na maji, kwa hiyo nikisikia tunahimizwa kuhamia umeme safi, huwa najiuliza: tuhame kutoka wapi?

Shida yangu iko juu ya nguzo. Jioni watu wakirudi nyumbani, transfoma ya mtaa inalemewa. Taa zinafifia, feni inazunguka kwa uvivu, na mimi niko katikati ya geti la mteja. Moto haushiki vizuri, kijiti cha kuchomelea kinanata kwenye chuma, na ukigonga maganda ya weldi unakuta chuma hakijashikana. Kijana wangu anauliza, "Mzee, tuwashe jenereta?" Hapo ndipo faida yote inapoingia kwenye petroli, karibu na mto wa Nile.

Halafu mabwawa hayo yote matano yako kwenye mto huo mmoja. Mwaka 2005 na 2006 Ziwa Victoria liliposhuka, nchi ilikodi mitambo ya dizeli, tena kwa bei ya kuumiza. Aprili 2020 ikawa kinyume: ziwa likafurika, kisiwa cha magugu kikaelea mpaka kwenye mitambo ya Nalubaale, nchi nzima ikaingia gizani. Sola ipo, kama ile ya Soroti na Tororo, megawati 10 kila kituo. Ukiziweka kando ya Karuma, ni kidogo mno.

Na jikoni? Mke wangu anapika kwa sigiri ya mkaa, kama majirani wote. Mwaka 2023 Rais alipiga marufuku biashara ya mkaa wa kaskazini, lakini marufuku haichemshi maharage. Mtu anaponunua yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kidogo kidogo, hawezi kuziachia sufuria kwa muda wa saa mbili.

Kwa hiyo mimi, kabla ya kukata utepe wa bwawa jingine, ningeongeza transfoma na kubadilisha nguzo zilizooza. Usambazaji wa umeme ulirudi mikononi mwa serikali Aprili 2025, basi tuone. Barua yetu ya kuomba transfoma ya pili imeshagongwa muhuri wa kupokelewa. Mwenyekiti wa mtaa anasema Jumatatu twende tukaulize tena, na twende wengi.